Usishushe duara bado: mwongozo wa kutafuta dhahabu kwenye mwamba wa kijani na itale

Kanda ya Ziwa imejaa maduara, yaani mashimo marefu ya kuchimbia dhahabu, yaliyochimbwa kwa kubahatisha. Mtu kaona jiwe jeupe limechomoza, au kasikia jirani katoa gramu kadhaa, basi keshaita vijana, kanunua matimba (magogo ya kuegemeza kuta) na winchi, kaanza kushuka. Mita ishirini chini hela imekwisha na mwamba haujaonekana. Wengine hata jiwe hawajaliona, wameoteshwa tu.

Mwongozo huu ni wa kazi inayotangulia duara. Nimemlenga mchimbaji mdogo wa Tanzania mwenye leseni ya hekta kumi au pungufu, anayetafuta dhahabu kwenye miamba ya Geita, Kahama, Nzega, Tarime au Iramba. Kila hatua iliyomo humu ina gharama ndogo kuliko inayoifuata, na kazi yake kubwa ni kukuonyesha mahali pa kutochimba. Ukiruka hatua, gharama yake utailipa kwenye duara.

Dhahabu inakaa wapi, na kwa nini hapo

Sehemu hii isome polepole, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinaitegemea.

Kanda ya Ziwa imekaa juu ya kratoni ya Tanzania, miamba ya kale ambayo umri wake unazidi miaka bilioni 2.5. Kwa mtafutaji, miamba hiyo ni ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni mikanda ya mwamba wa kijani: lava za kale, majivu ya volkano na matope yaliyotuama chini ya maji, vyote vikapikwa na kukandamizwa ardhini hadi vikageuka kuwa miamba metamofiki. Kwenye ramani za jiolojia imeandikwa Nyanzia, na sehemu nyingine juu yake pana miamba ya changarawe na mchanga iitwayo Kavirondo. Aina ya pili ni itale, yaani graniti, iliyopanda kutoka chini ikiwa moto na kuisukuma mikanda ya kijani pembeni. Ndiyo maana kwenye ramani utaona mikanda hiyo imejipinda ikizunguka madoa makubwa ya graniti.

Wakati miamba hiyo inakandamizwa, maji ya moto yenye nyuzi joto kati ya 250 na 400 hivi yalipanda kupitia nyufa kubwa. Yalibeba dhahabu ikiwa imeshikana na salfa. Yalipopenya kwenye mwamba wenye chuma kingi, chuma kiliinyang'anya dhahabu ile salfa na kutengeneza pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Dhahabu ikabaki haina cha kuishikilia, ikaganda palepale. Kwa hiyo mshipa wa kwatzi, lile jiwe jeupe, unaopita kwenye mwamba wa chuma wenye mistari, au kwenye lava nyeusi iliyogeuka kijani, una nafasi nzuri kuliko mshipa uleule ukiingia kwenye mwamba usio na chuma.

Mifano iko karibu. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000 katika eneo ambalo mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, umekaa kwenye mkanda wenye miamba ya chuma yenye mistari. Lakini usimsikilize anayekwambia graniti haina dhahabu. Buzwagi pale Kahama, mgodi uliofanya kazi kuanzia 2009 hadi 2021, dhahabu yake ilikuwa ndani ya graniti. Graniti ina chuma kidogo ila ni ngumu, na kitu kigumu kikibanwa hupasuka, nyufa zikawa njia. Graniti isiyo na hata dalili ya kubanwa, inayong'aa na kulia ukiigonga nyundo, hiyo ipite tu.

Basi vitu vya kutafuta ni vitatu: njia ya maji ya moto, mahali palipoyalazimisha kuiacha dhahabu, na alama za kwamba yalipita kweli. Palipo na vyote vitatu panastahili jasho. Mgusano wa graniti na mwamba wa kijani huwa na viwili vya kwanza mara nyingi, ndiyo maana watafutaji wengi huanzia hapo.

Hatua ya 1: Leseni, ardhi na ramani

Leseni ndogo ya uchimbaji, PML, hutolewa na Tume ya Madini kwa raia wa Tanzania, hudumu miaka saba na inaweza kuhuishwa. Kwa dhahabu haizidi hekta 10. Kabla hujatoa shilingi kwa mtu anayekuuzia eneo, nenda ofisi ya madini ya mkoa uangalie kwenye mfumo wao kama eneo liko wazi, ni la nani, na kama halijaingia hifadhi ya msitu au wanyama. Leseni inakupa madini. Haikupi shamba la mtu. Mwenye ardhi lazima akubali, na makubaliano yaandikwe na kushuhudiwa na serikali ya kijiji kabla mtu hajang'oa mhogo hata mmoja.

Ramani za jiolojia zinapatikana Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma. Zimegawanywa kwa karatasi za robo digrii, kila moja na namba yake. Nunua karatasi yako na maelezo yanayoambatana nayo. Ukipata pia picha ya sumaku iliyopigwa kwa ndege, chukua: mwamba wa chuma wenye mistari huonekana kama utepe mkali uliopinda, wakati michirizi iliyonyooka inayokata kila kitu huwa ni dolerite, jiwe jeusi lililoingia baadaye sana na ambalo kwa kawaida halihusiani na dhahabu. Utepe wa mwamba wa chuma ukikatika ghafla au kufifia, weka alama. Huenda maji ya moto yalipita hapo yakakila kile chuma chenye sumaku.

Jambo moja la GPS ambalo limewaingiza watu kwenye kesi: ramani nyingi za zamani hapa nchini zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, GPS na simu zinasoma WGS84. Tofauti ya mifumo hii kwenye eneo letu ni takriban mita 300 kaskazini–kusini. Kwenye leseni yenye upana wa mita 250, hiyo ni kutoka nje ya eneo lako kabisa. Uliza vipimo vya leseni yako vimeandikwa kwa mfumo gani, weka GPS kwenye mfumo huohuo (kanda ya UTM ni 36 Kusini), kisha ndipo usimike nguzo za mipaka.

Hatua ya 2: Vifaa

Nyundo ya chuma kizima, dira yenye kipima mlalo, lenzi ya kukuza mara kumi, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi, chupa ya asidi hidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10, futi ya kuvuta, GPS, karai la kuoshea, kinu cha chuma na mtwangio, mifuko migumu, kalamu ya wino usiofutika na daftari la jalada gumu. Simu si badala ya daftari. Chaji huisha na mvua hunyesha.

Usinunue vijiti vya shaba vinavyodaiwa "kuvutwa" na dhahabu. Na mwenye bunduki ile ya eksirei inayosoma madini papo hapo akikuonyesha gramu za dhahabu kwenye skrini, mshukuru umwage. Kifaa kile kinafaa kwa shaba, chuma au aseniki, lakini dhahabu ya gramu chache kwa tani iko chini mno ya uwezo wake, na madini mengine huweza kuidanganya namba.

Hatua ya 3: Kutembea eneo

Tafuta kwanza mwelekeo wa miamba, kisha tembea ukiukata, si kuufuata. Ukitembea sambamba na mwamba unaweza kushinda juu ya jiwe lilelile usijue la pembeni. Chukua leseni ya mita 400 kwa 250 ambayo miamba yake imelala kufuata ule urefu: kata mistari tisa ya mita 250, kila mmoja mita 50 kutoka kwa mwenzake. Hizo ni kilomita mbili na robo tu za kutembea, ukisimama kila unapoona jiwe, rangi ya udongo au uoto umebadilika.

Mara nyingi mwamba wenyewe umefunikwa, hivyo udongo ndio unaosema. Wakulima wa Kisukuma wanaujua kwa majina: luseni, mchanga mweupe, hukaa kwenye miteremko ya graniti; kikungu, udongo mwekundu, mara nyingi huashiria mwamba wenye chuma chini yake; mbuga ni udongo mweusi uliokusanyika bondeni na hauelezi lolote kuhusu jiwe lililo chini. Muulize mzee mwenye shamba ni wapi jembe linagonga mawe meupe na ni wapi luseni inaishia kikungu kinaanza. Mpaka huo huenda ndio mgusano wako, na ameupata bila ramani.

Mawe makubwa meusi ya mviringo yanayobanduka maganda ni dolerite. Jiwe zito lenye mistari myekundu na myeusi linalovuta sumaku ni mwamba wa chuma. Jiwe la kijani kibichi lisilo na punje za kuonekana, laini kidogo kwenye kisu, ni lava iliyogeuzwa. Ukikuta limekuwa karatasi nyembamba zinazopasuka kama kurasa za kitabu, umefika kwenye mkanda ambao ardhi ilisuguana, yaani njia. Hapo piga magoti utoe lenzi.

Tazama alama. Ile rangi ya kijani ikififia kuwa ya maziwa au kahawia, ukaona viboksi vidogo vitupu vyenye kutu, pairaiti ilikuwepo ikaoza. Dondosha asidi kwenye jiwe: likichemka hapo hapo lina kalisaiti, madini ya chokaa; lisipochemka, likwangue upate unga, dondosha tena juu ya unga. Likichemka sasa, huenda lina kabonati yenye chuma, na hiyo ni habari njema zaidi. Mkanda uliobadilika hivi huwa mpana kuliko mshipa wenyewe mara nyingi, kwa hiyo ndio utakaouona kwanza.

Sasa lile jiwe jeupe linalowapoteza watu. Kwatzi nene, nyeupe pee, isiyo na kutu wala mistari, hasa ikiwa katikati ya graniti nzima, mara nyingi ni tupu. Kwatzi ya kijivu au yenye rangi ya moshi, iliyopasuka ikaungwa tena, yenye nyuzi nyembamba za mwamba mweusi sambamba na kuta zake, na vitundu vya kutu, hiyo ina matumaini. Nasema matumaini. Zote mbili zinachukuliwa sampuli, kwa maana jicho linashindwa mara kwa mara. Kinachometameta ukakishuku, kichokonoe kwa sindano: dhahabu hubonyea na kukubali umbo, pairaiti huvunjika ikawa unga mweusi, mika hubanduka kama magamba.

Hatua ya 4: Pima mwelekeo na mlalo

Wachimbaji wengi husema "mwamba umelala kusini" wakaishia hapo. Weka namba. Mwelekeo ni mstari ambao mwamba ungeuchora kwenye ardhi iliyo tambarare. Mlalo ni nyuzi ngapi umeinama kutoka usawa, na upande gani. Pima kila mshipa, kila mkanda uliosagika na kila mgusano, uandike kwenye daftari pamoja na namba ya GPS.

Faida yake ni hii. Mshipa wenye mlalo wa nyuzi 60 ukishuka mita 30 wima, umesogea pembeni mita 17 kutoka ulipoonekana juu. Ukichimba duara la wima juu ya mshipa, baada ya mita chache umeuacha. Na kama nguzo ya jirani iko mita 15 upande huo, mshipa unaouona kwako leo ni wake kabla hujafika kina hicho, maana mpaka wa leseni unashuka wima. Ugomvi wa wachimbaji kukutana chini kwa chini, ambao Mererani wanauita mtobozano, mwingine ungezuilika kwa dira na hesabu ya dakika tano.

Tena, mshipa haubebi dhahabu sawasawa urefu wote. Hujaa sehemu fulani na kuwa mkavu sehemu nyingine. Sehemu nene hupatikana pale mshipa unapopinda, unapokutana na mwingine, au unapotoka kwenye mwamba wa aina moja kuingia wa aina nyingine. Chora ramani yako kwa kipimo cha sentimita moja kwa mita kumi, uone makutano hayo kwenye karatasi kabla ya kuyafuata na sururu.

Hatua ya 5: Karai

Anza na vijito vinavyotoka kwenye eneo. Chukua mchanga mzito nyuma ya mawe na kwenye nyufa za mwamba wa kitako, osha, hesabu punje. Panda na kijito hadi punje zitakapokatika ghafla. Chanzo kiko pembeni mwa hapo, juu ya mteremko. Punje zenye kingo kali na vipande vya kwatzi vilivyoshikamana nazo hazijasafiri mbali. Zilizolainika na kuwa bapa zimetembea sana.

Kisha udongo. Rudi kwenye ile mistari tisa, chimba kashimo kila mita 25 hadi sentimita 30 au 50, chini ya udongo wenye mizizi. Mita 250 zinakupa vituo 11 kwa mstari, jumla 99. Kila kituo ndoo ileile, ujazo uleule, mwoshaji yuleyule. Mkibadilishana mikono, hesabu hazilingani. Andika idadi ya punje kwenye ramani, uunganishe namba zinazofanana. Kinachojitokeza ni ulimi wa dhahabu unaoanzia kwenye mwamba na kutiririka kufuata mteremko, kwa hiyo mtaro wako unakwenda kwenye ncha ya juu ya ulimi, si katikati penye punje nyingi.

Kwenye mbuga usipoteze siku, isipokuwa kuna kichuguu. Mchwa hupandisha udongo kutoka chini sana wakitafuta unyevu. Osha udongo wa kichuguu kama sampuli nyingine na uuandike hivyo. Kampuni za utafutaji zinatumia njia hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Mtaro na sampuli yake

Hapa ndipo pesa ya utafutaji inapofaa kutumika, na ndipo watu wanapojidanganya zaidi.

Mtaro unakata mwamba, hauufuati. Upana wa mita moja unatosha mtu kuinama na nyundo. Shuka hadi uone mwamba uliooza lakini wenye mistari yake bado. Kama udongo ni laini usizidi mita moja na nusu bila kuegemeza kuta, kifusi kiwekwe angalau mita moja kutoka ukingoni, na wakati wa masika kazi hii isimame. Watu wanafukiwa kwenye mitaro mifupi kuliko wao. Mtaro wa kwanza uwe penye dalili bora, wa pili na wa tatu mita 20 kila upande kufuata mwelekeo.

Safisha ukuta mmoja karibu na sakafu, ufagie. Tandaza turubai chini. Piga futi kutoka mwanzo wa mtaro, kisha chonga mfereji wa usawa wenye upana wa sentimita 5 na kina cha sentimita 3 kwa mita nzima. Kwenye mwamba ulioanza kuoza mita moja itakupa kilo 3 hadi 4. Upana na kina visibadilike: nyundo hupenda sehemu laini, na sehemu laini ikizidi kwenye mfuko matokeo yanapinda. Mwamba ukibadilika katikati ya mita, funga mfuko hapo na uanze mwingine. Mshipa wa sentimita 40 una mfuko wake, mwamba ulio juu yake una wake, ulio chini yake una wake.

Kilichokatazwa ni kuchagua. Kijana akiona jiwe lenye dhahabu ya macho anataka kulitia kwenye mfuko "ili sampuli iwe nzuri". Sampuli haina kazi ya kuwa nzuri. Mawe ya mbale, yaani yale yenye dhahabu nyingi, yaokotwe, yawekwe kwenye mfuko wa peke yake na kuandikwa ni ya kuokota; yanaeleza dhahabu imekaaje, hayaelezi iko kiasi gani.

Kabla ya kutuma, sampuli ikihitaji kupunguzwa, isichotwe tu kwa kiganja. Ponda yote iwe kama mchele, changanya, irundike kichuguu kidogo, ibane iwe duara bapa, igawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana. Rudia hadi ubaki na kilo moja. Dhahabu ni punje chache zilizotawanyika, na punje moja ikienda kwenye nusu iliyomwagwa, umelipa maabara kupima kitu kingine.

Wakati huohuo pondaponda kiasi kingine uoshe kwa karai papo hapo. Gramu moja kwa tani ni sawa na miligramu moja kwa kilo, hivyo kilo kumi za mwamba wa gramu 3 kwa tani zina miligramu 30 tu, na ile laini inapotea na maji. Karai haikupi kiwango. Inakwambia mtaro upi upelekwe maabara kwanza.

Hatua ya 7: Maabara

GST wana maabara Dodoma, na zipo za binafsi Kanda ya Ziwa. Omba kipimo cha kuyeyusha kwa moto, ambacho hutumia gramu 30 au 50 za unga. Namba za mifuko ziwe za mfululizo zisizoonyesha mahali, na orodha ya siri ibaki kwako. Katika kila mifuko ishirini, mmoja uwe wa marudio, sampuli ileile imegawanywa mara mbili, na mmoja uwe wa graniti unayoijua ni tupu. Marudio yakitofautiana sana una dhahabu ya punje kubwa, na sampuli zako zinahitaji kuwa kubwa zaidi. Ile graniti tupu ikirudi na dhahabu, kuna uchafu umeingia, ama kwenye kinu chako ama kwao.

Majibu yakija, usijumlishe ukagawa. Tuseme mtaro umekupa mita 1 yenye gramu 0.8, mita 1 yenye 2.4, sentimita 40 zenye 11.0 na mita 1 yenye 1.2. Wastani wa harakaharaka ni 3.85, na ndio unaotajwa kwenye vijiwe. Ukizidisha kila kiwango kwa upana wake unapata 0.8 + 2.4 + 4.4 + 1.2 = 8.8, ukigawa kwa mita 3.4, jibu ni gramu 2.6 kwa tani. Na mita 3.4 zenyewe zimepimwa kwa usawa. Mwamba ukiwa na mlalo wa nyuzi 60, unene wake halisi ni mita 2.9.

Mitaro minne mfululizo ikitoa majibu yanayokaribiana hivyo, urefu wa mita 60, sasa unaweza kupiga hesabu ya kina cha mita 20 kufuata mlalo: 60 × 2.9 × 20 ni mita za ujazo 3,480. Mwamba uliooza, kwa tani 2.2 kila mita ya ujazo, ni tani 7,656 hivi, zenye takriban kilo 20 za dhahabu ardhini. Ardhini, narudia. Karasha (mashine ya kusaga mawe) na zebaki mara nyingi hukupa chini ya nusu, inayobaki inakwenda kwenye marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, na mwenye mwalo, mahali pa kuoshea, anaijua thamani yake kuliko wewe. Mtaro mmoja peke yake haukupi ruhusa ya hesabu hii hata kidogo.

Hatua ya 8: Kuchoronga, kisha duara

Ukiwa na mitaro inayokubaliana na mfuko unaruhusu, chagua kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine, kabla ya duara. STAMICO, shirika la madini la taifa, huchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na vikundi vinaweza kuchangia. Shimo la kuchoronga linaegeshwa kwa nyuzi 50 hadi 60 likielekea kinyume na mlalo wa mshipa, ili liukate karibu na pembe mraba. Mashine ikisimikwa upande ambao mshipa unalala kuelekea chini, iko mahali sahihi. Kwa mshipa wetu wa nyuzi 60, mashimo matatu mafupi yanayoukata kwenye kina cha mita 25 yatakuambia kama unaendelea, umenenepa au umekatika.

Mitaro ikiwa imekubaliana lakini pesa ya kuchoronga haipo, duara la kwanza liwe la utafutaji. Liweke palipo nene, likilala pamoja na mshipa, na kila mita moja ya kushuka chukua sampuli ya mfereji kama ulivyofanya juu. Majibu mawili mfululizo yakishuka chini ya kile kinachokulipia gharama, simama, geukia mtaro wa pili. Mitaro isiyo na kitu ifukie. Ng'ombe hawajui leseni yako, na fidia ya ng'ombe aliyevunjika mguu inazidi kazi ya siku moja ya vijana wawili.

Ukikaribia maji, jiandae. Juu ya kiwango cha maji mwamba umeoza, pairaiti imegeuka kutu, dhahabu imeachiwa huru na karasha inaikamata. Chini yake jiwe linakuwa gumu, la kijivu, lenye pairaiti nzima inayong'aa, na karai ghafla inatoa kidogo. Wengi hapo husema dhahabu imekata wanahama. Pengine imekata kweli, pengine imejificha ndani ya pairaiti. Chukua sampuli ya lile jiwe la kijivu, omba maabara kipimo cha moto pamoja na kipimo cha dhahabu inayoyeyuka kwenye sianidi, ulinganishe namba mbili. Zikikaribiana, kinachohitajika ni kubadili namna ya kuchenjua. Zikiachana sana, hata sianidi haitaitoa bila kuichoma pairaiti au kuisaga laini kupita uwezo wa karasha, na hiyo si kazi ya leseni ndogo.